Kutoka Papenburg mpaka mwisho wa reli

Jumapili

Mkwe wangu aliwasha gari saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Papenburg, Ujerumani, mpaka uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, si mbali sana, lakini yeye ni mtu wa tahadhari, heri afike mapema akae asubiri. Mwanangu hakutusindikiza. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amepitiwa na usingizi baada ya kukesha, na mtoto mchanga akilala haamshwi kwa sababu ya bibi anayeondoka. Tuliagana mlangoni, yeye na kanga begani. Koti nililonunuliwa nilimwachia kwenye ndoano. Kigoma koti la nini?

Nilikwenda kulea mzazi. Wenzangu wa Ujiji hawahitaji maelezo: binti akijifungua, mama anafunga mzigo. Akiwa Kasulu unapanda basi, akiwa Ujerumani unaomba viza. Viza yenyewe, hiyo ya Schengen, haikupi zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo mjukuu unamlea huku unahesabu.

Najua nikifika nyumbani watu watataka niwasimulie ama pepo ama jehanamu, basi niweke kumbukumbu sawa nikiwa bado angani. Mwanangu alipotoka hospitali, mkunga alimfuata nyumbani. Siku za mwanzo alikuja kila siku, baadaye akawa anaruka siku, na gharama inabebwa na bima ya afya. Anaweza kuendelea kuja mpaka mtoto atimize wiki 12. Anampima mtoto uzito, anatazama kitovu, halafu anakaa kitini na kumuuliza mama: unalala? unakula? unalia? Mimi watoto wangu wote nimewazalia Kigoma, na hakuna mkunga aliyewahi kunipigia hodi nyumbani. Hilo wametuzidi, na sitaki kubishana na mtu.

Lakini mkunga akishaondoka, nyumba inanyamaza. Mkwe anaingia zamu ya usiku, anarudi asubuhi analala. Mwanangu, ambaye kwao Ujiji hajawahi kula peke yake tangu azaliwe, anakula amesimama jikoni. Nikamuuliza, jirani yenu wa chini ni nani? Akasema, bibi mmoja hivi, tunasalimianaga kwenye ngazi. Wamekaa hapo miaka, wanasalimiana kwenye ngazi.

Ndipo nikashuka kuomba yai.

Mayai yalikuwepo, friji nzima. Mwanangu alishika kichwa. "Mama, huku watu hawaombi yai! Atadhani hatuli." Nikamwambia acha adhani. Nikajifunga kanga vizuri, nikashuka, nikabisha. Akafungua mama mmoja kanizidi umri kidogo, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Kijerumani sina. Nikafanya duara kwa vidole, kisha nikaonyesha kimoja. Akanitazama, akaitazama kanga, akaingia ndani. Akarudi na mayai mawili ndani ya bakuli la bluu.

Bakuli ndilo nililokuwa nalitafuta. Yai unalila likaisha, lakini bakuli la watu sharti lirudi, na kwetu bakuli halirudi tupu. Kesho yake nikampelekea maandazi. Keshokutwa akapanda yeye, bakuli lina keki ya tufaha, akamwona mtoto, akakaa. Mwanangu alilala usingizi mchana ule kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, sisi bibi wawili tukimbembeleza mtoto kila mmoja kwa lugha yake.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Si kwamba watu wa kule wana roho mbaya. Kila mmoja ana kila kitu ndani, basi hana sababu ya kugonga mlango wa mwenzake. Sisi Ujiji mtoto anatumwa chumvi kwa jirani na chumvi ipo. Utotoni nilidhani mama yangu msahaulifu.

Ndege ilishusha watalii Kilimanjaro, tukafika Dar es Salaam usiku.

Jumatatu

Dar. Mdogo wangu anakaa Temeke. Alikuwa ameshaniulizia tiketi ya ndege ya Kigoma. "Dada, muda mchache tu uko kwako, treni ya nini na umri huo?" Mwanangu naye akapiga simu kutoka Papenburg kumuunga mkono. Nikawaambia nina mizigo mingi, wakanyamaza. Mizigo ninayo kweli, ila sababu kubwa ni kwamba nilikuwa na njaa ya soga, na ndani ya ndege hakuna soga.

Kuna sababu nyingine, ndogo, ya kujifurahisha tu. Yule bibi wa bakuli la bluu ni mjane wa fundi aliyefanya kazi kwenye karakana ya meli ya Meyer, hapohapo Papenburg. Siku mwanangu alipomtafsiria kwamba mimi natoka Kigoma, bibi aliinuka na kuanza kuzungumza kwa kasi mpaka mwanangu akamwomba apunguze. Anaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika! Kwao ni habari ya mji, kama ilivyo kwetu. Iliundwa pale mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa Hamburg, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg waliifuata: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliiunganisha upya ufukweni kwetu, ikaingia ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Vita ilipowaelemea Wajerumani, mwaka 1916, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hilo la mafuta linanifurahisha kila nikilifikiria. Mtu anazamisha kitu huku anakitunza.

Bibi aliniomba kitu kimoja tu: picha ya meli hiyo ilivyo leo. Za kwenye vitabu anazo, anataka ya leo. Nikamwahidi. Basi nikaona kama masanduku 5,000 yalikwenda kwa treni, na mimi na masanduku yangu mawili nitakwenda kwa treni.

Jumanne

Mpaka Dodoma nilipanda treni mpya ya umeme, ya reli ya kisasa, inayoweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Safari iliyokuwa inakula usiku mzima imekwisha kabla sijamaliza kusimulia habari za Temeke, tena sikuwa na wa kumsimulia. Behewa safi, baridi, kila mtu na simu yake. Siisemi vibaya. Kijana wa kiti cha jirani alininyanyulia masanduku bila kuombwa, kisha akarudi kwenye marudio ya mechi ya Yanga.

Dodoma jua lilikuwa kali. Bajaji ikanipeleka stesheni ya zamani kungoja treni ya Kigoma, na hapo ndipo nilipogundua kwamba chokoleti za watoto zimeshakuwa uji. Nikazipanga upya chini ya sweta na kumwachia Mungu.

Treni iliingia jioni. Daraja la pili kulala, chumba cha wanawake, vitanda sita. Masanduku yangu yalipokelewa na mikono ambayo wenyewe sijawaona uso. Kabla treni haijaondoka, mahojiano yalikuwa yameanza.

"Mama unashukia wapi?"

"Kigoma. Ujiji."

"Ujiji kwa nani?"

Ukitaja mtu, unaulizwa mtoto wa nani. Ukitaja mama, wanauliza aliolewa wapi. Aliyekuwa ananihoji ni mfanyabiashara wa vitenge wa Mwanga, hapo Kigoma mjini, na tulipofika Bahi alikuwa ameshampata: shangazi yangu marehemu ndiye aliyekuwa anamuuzia mama yake mawese, na kuna debe moja mpaka leo halijalipwa. Na nani hajalipa? Hapo kila upande ulikuwa na masimulizi yake.

Kitanda cha chini mkabala na changu alikuwepo bibi wa Kinyamwezi anayerudi Urambo, aliyetuita wote "nyie watu wa mwisho wa reli" na kutushutumu kwamba tumemaliza maji ya kunawa. Juu yake msichana wa chuo cha ualimu Kasulu. Kulikuwa na mama mdogo mwenye mtoto anayeota meno. Na kitanda cha juu kabisa, upande wangu, mwanamke mmoja wa makamo aliyesalimia vizuri, akapanda, akageukia ukutani.

Saranda tulifika usiku. Kina mama wa pale walikuja na kuku wao kwenye masinia, tochi shingoni, wakipaza bei chini ya madirisha. Tulinunua kuku mmoja na wali, bibi wa Urambo akagawa. Alimegea paja akalipitisha juu bila kuuliza. Mkono ulishuka, ukalichukua.

Jumatano

Kumepambazuka tukiwa msituni, miombo mikavu ya Septemba, vumbi hadi kwenye kope. Itigi tuliipita tumelala. Nilikuwa natafuta mswaki.

Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Tulipokaribia Goweko mtandao ukarudi, na ile ya kitanda cha juu ikaanza kupokea jumbe mfululizo, ti, ti, ti, haziishi. Sote tulitazama juu. Mtu akipata jumbe nyingi namna hiyo kwa mpigo, ni harusi au ni kingine. Akapiga. Akasema "haloo" mara mbili, kisha akasema "saa ngapi?" Kisha hakusema kitu tena, ila tulisikia kichwa chake kikigonga dari la behewa kwa alivyoinuka ghafla.

Alikuwa anamwahi baba yake Nguruka. Hakumwahi.

Msichana wa chuo alinitazama mimi, mimi nikamtazama bibi wa Urambo. Bibi hakumtazama mtu. Alivua kitenge chake cha begani, akakitandika kwenye kitanda cha chini, akapigapiga pale pa kukaa. "Shuka, mama. Msiba haukaliwi juu."

Akashuka. Tukambana katikati, watatu upande huu, wawili mbele yake wamekaa juu ya masanduku yangu, mtoto wa meno akapakatwa na yeyote mwenye paja. Hakuna aliyemwambia asilie. Mama wa vitenge alimuuliza tu marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na hapo ndipo maneno yakamtoka: baba alikuwa mrina asali, mizinga yake iko mpaka ng'ambo ya Malagarasi, hakuwahi kupiga mtoto, alikuwa anapenda chai yenye chumvi. Chai yenye chumvi? Ndiyo, chumvi ya Uvinza, kidogo. Akacheka huku analia, nasi tukacheka.

Baada ya muda mama wa vitenge akamwambia msichana wa chuo, "Mwalimu, toa daftari." Wakatoka wawili, wakapita behewa zima. Nilikuwa nasikia sauti yake mlango kwa mlango: hodi, samahani, kuna mwenzetu hapa amefiwa. Wakarudi na noti, sarafu, na kurasa moja na nusu iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Chumba cha kwanza, elfu saba. Chumba cha tatu, wanajeshi, elfu ishirini. Baba mmoja, mia tano na pole nyingi. Mimi nilipofungua pochi, zilianza kudondoka sarafu za yuro. Bibi wa Urambo akaziokota moja moja, akanirudishia. "Hizi kawachangie huko huko. Toa pesa."

Tabora tulisimama muda mrefu, maana hapo ndipo treni inapogawanywa, mabehewa ya Mwanza njia yao na ya Kigoma njia yake. Nilishuka kununua maji na asali. Nilinunua chupa mbili. Moja nikampa mwenye msiba, akaifungua, akanusa, akasema hii si ya nyuki wadogo, wamekudanganya. Kwa kweli nilifurahi kudanganywa.

Bibi alishuka Urambo jua linazama. Kitenge alikiacha kilipotandikwa. Mama wa vitenge alipomkumbusha, alisema, "Mimi nimefika. Yeye bado." Akatuamuru mtu asimwache yule peke yake mpaka akabidhiwe kwa watu wake, akateremka kinyumenyume na fimbo yake, akapotelea katikati ya magunia.

Nguruka ilikuwa usiku, mwezi karibu umejaa. Treni haikai sana pale. Mizigo yake tulishaipanga dirishani; kaka zake walikuwa chini na tochi, tukawa tunapitisha begi baada ya begi, kisha chupa ya asali, kisha yeye mwenyewe kupitia mlangoni akishikwa huku na huku. Mama wa vitenge aliruka chini naye, akamtafuta mkubwa wa wale kaka, akasoma jumla kwa sauti, akamkabidhi fedha pamoja na karatasi kwa mikono miwili. Filimbi ikalia, tukamvuta ndani kwa mikono yake yote miwili, kandambili moja nusura ibaki Nguruka.

Treni ilipokwishaondoka, msichana wa chuo alifungua daftari akatuonyesha alama ya karatasi aliyoichana. Kichwa cha orodha alikuwa ameandika "Msiba wa mwenzetu". Jina hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Alhamisi

Uvinza tuliipita gizani. Asubuhi likatokea ziwa upande wa kushoto, na treni nzima ikaanza kuchana nywele.

Stesheni ya Kigoma walinisubiri kina mwanangu wa pili, wajukuu, na watu wawili ambao hadi sasa sijui ni wa nani ila walibeba sanduku. Hiace mpaka Ujiji kupitia Mwanga. Nimekula ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese, nimelala mpaka alasiri.

Ijumaa

Mlango ulifunguliwa alfajiri na haukufungwa tena. Waliokuja kunipa pole ya safari, waliokuja kumwona mtoto kwenye simu, waliokuja kuuliza kama ni kweli watu wa kule huzikwa bila majirani, waliokuja kwa sababu waliona wengine wanaingia. Chokoleti zilikuwa zimeganda upya kwa maumbo ya ajabu. Watoto walizigombania hivyohivyo. Watu wazima walikuwa wapole zaidi. "Umetuletea nini?" wanauliza huku wanacheka, ila macho yako kwenye sanduku.

Jirani yangu wa upande wa kulia alinitazama juu mpaka chini akasema nimekonda. Wa upande wa kushoto akasema nimenenepa. Wote wawili walikaa mpaka chakula cha mchana kiive wakilijadili.

Saa nane nilijifungia bafuni. Niseme ukweli: dakika zile nilizikumbuka ngazi za Papenburg, zile milango yake iliyofungwa, unavyoweza kunywa kahawa yako mpaka mwisho ikiwa bado ya moto. Watu wanachosha. Asiyekubali hilo hajakaa na watu. Nilinawa uso, nikatoka, nikaambiwa shemeji wa Gungu amefika na kuku hai.

Jumamosi

Asubuhi nilikwenda Kibirizi na mpwa wangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu kama sasa wavuvi hawahangaiki, taa zao hazina nguvu ya kukusanya dagaa mbele ya mwanga ule, kwa hiyo vijana walikuwa wamekaa wanashona nyavu na kubishana mpira. Mwalo ulikuwa na harufu yake tu, dagaa wenyewe wachache na bei haishikiki. Nilinunua kopo mbili za kumpelekea shemeji.

Mpwa alinipandisha kwenye mtumbwi wa mashine, tukazunguka kuingia ghuba ya mjini. Liemba iko bandarini, imesimama kwa ajili ya matengenezo. Bandari ina taratibu zake, hatukusogea. Tulizima mashine mbali, tukaelea. Ina urefu wa mita 71 hivi, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kuona meli za watalii zinazoundwa Papenburg siku hizi, ndefu kupita mita 300. Kutoka pale mtumbwini, bado ndiyo meli niliyoikimbilia utotoni kuipungia mkono ikiondoka kwenda Mpulungu, Zambia.

Nilipiga picha kadhaa. Mpwa akapiga zake, kijana wa nahodha akapiga zake. Zilizo nzuri zote hazina mtu. Nikachagua ile ambayo mpwa wangu kaingilia pembeni, meno nje, kidole gumba juu.

Nilimtumia mwanangu nikamwandikia: usiichapishe ukamtumbukizia kwenye kisanduku cha barua. Shuka nayo. Na ushuke na bakuli lake, nimeliacha juu ya friji. Akajibu, "Mama! Kumbe uliliacha makusudi?" Sikujibu hilo.

Alipiga simu usiku. Alishuka akitegemea dakika tano. Yule bibi aliikuza picha mpaka akaona misumari ya ubavuni, akamweleza habari za kazi ya mume wake, na jinsi kazi ya kupiga misumari ya aina ile ilivyokuwa inafanyika zamani kabla ya kuchomelea. Kisha akauliza yule kijana anayecheka ni nani. Mwanangu akamwambia binamu yangu, mvuvi. Anavua nini? Basi mwanangu ikabidi apande kuleta dagaa wale niliowapelekea, wakakaangwa hukohuko chini, madirisha wazi. Jirani wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza kuna nini.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Alikaa, mama. Amekula."

Mtoto alilala kwenye kochi la bibi. Na bakuli lilirudi juu na viazi.

Jumapili

Kikoba. Tunakutana kwa katibu kila Jumapili baada ya alasiri. Walinipokea kwa vigelegele, wakaniketisha kwenye kiti badala ya mkeka, nikajua kuna jambo.

Hisa zangu zilikuwa sawa, nilikuwa natuma kwa simu kila wiki. Mfuko wa jamii, sawa. Mweka hazina akalamba kidole, akageuza ukurasa wa faini.

"Kutohudhuria vikao: umesamehewa, una udhuru. Kutohudhuria harusi ya binti wa katibu: umesamehewa, ulituma kanga. Kutohudhuria msiba kwa mama wa nyumba ya tatu." Akanyamaza, akavua miwani. "Hiyo haisameheki."

Nikasema nilikuwa Ulaya.

"Tunajua ulikuwa Ulaya. Ulipiga simu?"

Niliandika ujumbe, nikasema. Nilituma pole kwenye kundi letu.

"Ujumbe," akasema mama wa nyumba ya tatu mwenyewe, kwa upole kabisa, kutoka kwenye mkeka. "Niliuona."

Elfu tano. Nikatoa, zikahesabiwa, zikaandikwa. Kisha tukaahirisha ajenda nyingine zote, tukaondoka wote pamoja kwenda kwake, maana sikuwa nimemkalia msiba, na kikao chenyewe kikaamua kwamba nisiende peke yangu.